Neno Lililopigwa Marufuku Nyumbani Kwetu

Nyumbani, ghorofa ya pili,
Jumapili, 9 Novemba.

Mwanangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba miguu haivimbi tena kwa kusimama wodini kutwa. Sisi hatujambo. Goti langu bado lina ubishi, lakini ngazi nazipanda, litake lisitake.

Barua yako niliipata mwezi uliopita. Nimechelewa kuijibu kwa makusudi. Umeagiza mwanao, Chiriku wetu, ahamishwe shule kabla ya muhula mpya, kwa kuwa mwalimu aliandika daftarini: "Haongei. Ikiendelea hivi atarudia darasa la kwanza." Jibu langu ni hili: sitamhamisha. Tafadhali soma hadi mwisho kabla hujakasirika.

Nilikwenda shuleni nikiwa nimebeba hasira zako na zangu pamoja. Mtoto ambaye hapa nyumbani hanyamazi hata akiwa na tonge mdomoni, aitwe bubu? Mwalimu wake, binti wa umri wa kuwa mjukuu wangu, alinipa kiti cha nyuma, kidogo hata magoti yakakaribia kidevu.

Nilidhani mwaka wa kwanza ni herufi na tarakimu tu. Hizo zipo. Lakini wanajifunza pia kufunga vifungo vyao, kuchonga penseli bila kuimaliza, kungoja zamu, na kuomba ruhusa ya kwenda msalani kabla mambo hayajaharibika.

Mwalimu alipanga vizibo saba mezani, akaondoa vitatu. Vimebaki vingapi? Mtoto mmoja mwenye pengo akajibu kwa furaha, "Sijui, mwalimu!" Akaitwa mbele, wakahesabu pamoja. Kisha Chiriku akaulizwa lake. Hakumtazama mwalimu. Alinitazama mimi, akafumba mdomo.

Wakati wa mapumziko mwalimu alinijia.

"Shikamoo, bibi. Eti kwenu 'sijui' ni neno la mvivu?"

"Marahaba. Nani kakwambia?"

"Yeye mwenyewe, sikioni. Nikaapa sitasema."

"Na umesema."

"Nimesema, bibi. Imenishinda."

Kwa miaka thelathini nilisahihisha miswada katika kiwanda cha uchapaji, na pale aliyesema "sijui" alielekezwa kwenye kamusi au mlangoni. Sheria hiyo nikaileta nyumbani. Nawe ulilelewa nayo. Labda ndiyo maana kwenye simu unanijibu "niko salama" hata pale sauti yako inapokukana.

Basi sheria nimeifuta. Kila jioni, tukinywa chai, kila mmoja hutaja jambo moja asilolijua. Fundi cherehani wa ghorofa ya chini alipotutembelea alisema, "Mimi sijui kwa nini wateja wangu wote hunenepa wakishapimwa." Chiriku alicheka hadi chai ikamtoka puani. Siku za mwanzo alitaja nisiyoyajua mimi, na orodha ilikuwa ndefu. Baadaye akaanza kutaja yake.

Wiki iliyopita aliinua mkono darasani: "Sijui, mwalimu. Nionyeshe." Mwalimu akaandika daftarini: "Leo amesema hajui." Nimesahihisha maelfu ya kurasa, sentensi iliyonyooka kuliko hiyo siikumbuki. Kama atarudia darasa au hatarudia, tutaambiwa mwisho wa mwaka. Hadi hapo nitakuwa naye, kizibo kwa kizibo, na shule ni ile ile.

Jana aliniuliza, "Bibi, mama atarudi lini?" Siku zote nilimjibu, "Karibuni." Jana nilisema, "Sijui." Nikajiandaa kwa machozi. Yeye akaenda kuleta penseli. "Basi tumuulize."

Swali lake liko chini ya barua hii. Ameliandika mwenyewe, herufi mbili zinatazama nyuma, nami sikuzigusa. Usimjibu "karibuni." Ukiijua tarehe, itaje. Usipoijua, mwandikie hivyo hivyo, kwa herufi kubwa zilizoachana, maana atasoma mwenyewe na mimi sitamsaidia.

Baba yako mdogo anakusalimu sana. Shangazi yako anauliza kama unakula. Fundi cherehani anasema vipimo vyako bado anavyo, ila hana imani navyo. Mungu akulinde njiani na kazini, na mikono yako iendelee kuwa dawa kwa wagonjwa.

Ni mimi mama yako, nikupendaye, nisiyejua mengi.

MAMA UTARUDI LINI