Zile Mbeta Nilizoziosha

Mama, kamwene.

Tangu asubuhi niko na fomu ya kupandishwa cheo. Chuo kinataka niorodheshe makala zangu zote za kemia, kisha nieleze zimewafaa akina nani. Orodha imejaa ukurasa na nusu, nikaanza kujiona mtu kwelikweli, mpaka nilipofika kwenye ile ya ulanzi, pombe yetu ya mianzi. Hapo kalamu ikagoma. Nikaona bora nikuandikie wewe kwanza.

Unakumbuka likizo ile niliposhuka Makambako na treni, nimebeba chupa za maabara na mche wa sabuni ya kunukia? Maduka yalikuwa yameanza kujaa tena baada ya miaka ya kufulia majivu, nami nilijiona nimekuletea Ulaya nzima. Ulipokwenda kanisani, nilizikusanya zile mbeta zako za mwanzi za kukingia ulanzi, nikazisugua ndani na nje mpaka zikanukia. Nilitaka sampuli safi, kama nilivyofundishwa.

Ukazitundika kule bondeni Kitandililo bila kujua. Siku ya pili ulanzi ulikuwa bado mtamu kama uji wa mtoto. Wale wapakiaji wa malori, wateja wako, walikunywa wakatazamana. "Mama Upendo, umeokoka?" mmoja akauliza. "Mbona siku hizi unatuuzia soda?"

Ulinusa mbeta moja, ukaniangalia.

"Umewaua."

"Nimewaua akina nani, mama?"

"Wanaochachua. Si wanakaa humu ndani? Mbeta haiguswi na sabuni, mwanangu. Inasuuzwa na ulanzi wenyewe."

Ukacheka mpaka ukakaa chini, ingawa wiki ile hukuuza kitu.

Nilirudi Dar es Salaam na mbeta yako moja kuukuu, iliyoponea kwa jirani. Nikakwangua ndani yake, na kweli nikawakuta hao wanaochachua, hamira ya asili iliyojishikiza kwenye mwanzi. Makala iliyotoka humo ndiyo watu waliyoitaka kuliko zangu zote. Kadi za kuomba nakala zilitoka nchi ambazo sijakanyaga. Nilikuletea kadi hizo, ukazipanga ndani ya Biblia, ukawa unawaonyesha wageni stempu zake.

Nakala yenyewe uliisoma kwa njia yako. Kisomo cha watu wazima kilikuwa kimekupa jina lako, Anjelina, na ulikuwa umeliandika hata kwenye ukuta wa jiko kwa mkaa. Ulipitisha kidole mstari kwa mstari, Kiingereza chote kile, ukisimama kwenye kila A. Ulipofika mwisho ukauliza, "Mimi niko wapi?" Nikakuonyesha mahali nilipowashukuru wenyeji wa Njombe.

"Wenyeji ni wengi," ukasema, ukaenda kutazama ulanzi wako.

Nilikuahidi kukuweka kwenye makala inayofuata. Zilizofuata zikawa za mambo mengine, na kila nilipofikiria kurudi kwenye ulanzi niliona haya kumwambia mhariri wa jarida kwamba aliyenifundisha ni mama yangu, anayeuza ulanzi kwa madumu pale stendi. Haya hiyo ndiyo inayoniuma leo. Masika ya mwaka juzi ukaondoka, na mimi bado nikiwa na ahadi mdomoni.

Mwaka jana niliandika makala fupi kuhusu mbeta na sabuni. Nilikuweka wewe wa kwanza, mimi wa pili. Mhariri akauliza Anjelina ni wa chuo gani. Nikamjibu kwamba ni marehemu mama yangu, kwamba jambo lenyewe alilijua yeye kabla yangu, na kwamba anwani yake ni Kitandililo, Makambako. Nilingoja miezi. Jana barua imefika: wamekubali, hawakubadilisha kitu.

Nimekukumbuka, mama. Mara nyingine natamani hata kugombezwa. Fomu nitaijaza kesho, na makala hii itakaa juu ya zote. Lakini leo ningependa ungekuwa hapa karibu na dirisha, na kile kidole chako chenye kovu la kisu cha kugemea. Ungeanza kutafuta taratibu kama siku ile, na usingechoka. Uko mstari wa pili, chini tu ya kichwa cha makala, mwanzoni kabisa, kwenye A ya kwanza.

Binti yako, mwosha mbeta.