Sauti ya Bibi Imebaki Huko

Nyumba za Watumishi,
Mtaa wa Posta.
Jumapili, 9 Juni

Mpendwa Baba Mdogo,

Shikamoo. Natumaini hujambo, na Mama Mdogo pia, na mgongo wako umepata nafuu. Sisi tupo. Mwanangu anaota meno, kwa hiyo usingizi nausikia kwa majirani tu. Mwandiko ukiyumba nivumilie, namnyonyesha huku naandika.

Kazini bado ni ghala la filamu. Makopo ya miaka ya mwanzo wa uhuru yamechacha. Ukifungua kifuniko, harufu ya siki inakupiga usoni. Tunayatenga kama watoto wenye surua, yasiambukize mengine. Mume wangu anauliza kama siku hizi natengeneza achari.

Katika kutenga huko nimemkuta Bibi. Yuko langoni mwa kiwanda cha nguo, siku kinamama walipogoma, amenyoosha kidole anasema, anasema. Mgongoni kuna mtoto amelala fofofo. Ni wewe.

Lakini hasikiki. Enzi hizo picha ilikaa kwenye mkanda wake na sauti kwenye wake, na yote ilipelekwa huko uliko kusafishwa, maana wakoloni hawakutuachia maabara hapa. Picha ilirudi. Sauti haijarudi hadi leo.

Nilimleta Bibi aione. Nikamwuliza alikuwa akisema nini.

"Nimesahau, mjukuu wangu. Nakumbuka tu kwamba hawakunikatiza."

Akaomba irudiwe, akasogeza kiti mbele, kana kwamba hasikii kwa sababu yuko mbali.

Msimamizi wangu si mtu mbaya, ila mashine ya kunakili filamu ni ya kuazima, inaondoka mwisho wa mwezi ujao. Ameamua filamu zenye sauti zitangulie. Nimembembeleza hadi nimechoka. Amekubali kwamba sauti ikipatikana kabla ya hapo, Bibi ataingia. Isipopatikana, mkanda wake utaishia kuwa gundi ndani ya kopo.

Kwa hiyo nenda kwenye ghala la filamu la huko, wewe mwenyewe. Barua zetu hujibiwa kwamba zimepokelewa, basi. Nimeweka humu picha ya lebo ya kopo. Najua umechoka na ofisi za huko; hata mimi nimechoka, Baba. Ila hili sikuombi, nakutuma. Wakikuambia urudi kesho, kaa hapo hapo uingoje kesho. Waambie ulikuwepo siku hiyo, ila ulikuwa umelala.

Msalimie Mama Mdogo na dada yetu muuguzi. Mungu akupe afya, na miguu ya kusimama foleni.

Bibi anakusalimu. Ameshaniuliza kama umekwenda, na barua hata sijaitia kwenye bahasha.

Wako akupendaye hata akiwa hoi,
Binti wa kaka yako