Kopo la Ubuyu Nililompa Babu Yako

Haneti, Chamwino,
Dodoma.
15 Juni 2025

Mpendwa mjukuu wangu Brighton, mume wangu mtoro,

Hivi wewe bado una miguu, au umeiuza huko Namibia? Miaka mitatu na nusu hujakanyaga hapa. Babu yako tumemzika hupo. Uwele tumevuna mara nne hupo. Yule mbuzi uliyemwacha ananyonya sasa ni bibi kama mimi, na amekuzidi adabu, maana yeye jioni anarudi nyumbani.

Nakusalimu, mbukwa, mume wangu. Shikamoo yako nimeshaipokea, najua ipo moyoni hata kama mdomo umeufunga. Hujambo? Kifua chako kile cha baridi kimepona? Baba yako mdogo Abeli aliniambia huko mnakula ugali wa mahangu, nikasikitika, kumbe mahangu ni uwele huu huu wetu, wenzetu wameupa jina lao. Basi hujapotea sana. Mimi sijambo, isipokuwa goti la kushoto na jicho la kulia, na hayo ni uzee, sitayapeleka hospitali. Mvua ilikatika mapema. Tumepata magunia sita ya uwele, alizeti imeliwa na ndege. Njaa haitatuua mwaka huu.

Anayeandika ni Mama Gladness, jirani yetu fundi cherehani. Nimemwambia aandike kama ninavyosema, asinirembe. Tayari alitaka kuliruka lile la mbuzi. Nimemkataza.

Nimechagua barua kwa sababu simu umeifanya kichaka cha kujifichia. Tukiongea mvua unaongea, tukiongea mbuzi unacheka. Nikimtaja Anyesi tu, "Bibi, mtandao unasumbua," halafu kimya. Mtandao gani huo unaolijua jina la mtoto? Barua huwezi kuikata katikati. Ukiikunja, itakungoja.

Najua kwa nini huji. Unaamini rangi uliyoileta ndiyo iliyomuua Anyesi, mtoto wa dada yako Ruthu. Na sisi huku ndio tuliokuaminisha hivyo. Mimi nataka urudi, Brighton, sina haja nyingine iliyobaki duniani, na naona hutarudi mpaka ujue ilivyokuwa. Kwa hiyo kaa chini.

Ile Krismasi uliyokuja, babu yako mikono ilikuwa inatetemeka hata kikombe anamwaga. Tangu ujana wake alikuwa anayeyusha risasi ya betri mbovu za magari kwenye sufuria langu la zamani, anaimimina kwenye kalibu ya baba yake, zinatoka goroli za gobore. Nguruwe pori wa shamba hili lote walimjua kwa jina. Wewe ulimshika ile mikono ukaikagua kama nesi. Ukamwambia, "Babu, hii ni sumu. Unaishika, halafu unakula kwa mikono hiyo hiyo." Kesho yake ukatoa mfuko wa rangi ya unga, nyekundu, masalio ya kazini kwako, ukasema kule kwenye shamba la wawindaji unakofanya kazi hakuna anayeshika risasi tupu siku hizi, inavishwa kwanza.

Ukazitia goroli kwenye bakuli la plastiki pamoja na ule unga mkavu, ukafunika, ukatikisa. Hakuna maji, hakuna gundi, unga ukazing'ang'ania wenyewe. Mimi nikasema, "Huo mtikiso ni wangu wa ubuyu, mnaniibia kazi." Tukacheka. Ukazioka kwenye sufuria, moto juu na moto chini, kama Restuta mke wa Abeli anavyooka keki, zikatoka zinang'aa. Babu yako akazigeuza kiganjani muda mrefu. Akasema, "Mimi Mzee Mazengo sina koti, ila risasi zangu zina koti."

Ulifanya vile kwa kumpenda. Mama Gladness, hilo likolezee wino.

Sasa sikiliza yale yaliyotokea hukuwepo. Wewe uliondoka Januari. Machi nguruwe wakaingia kwenye mtama, babu yako akatengeneza goroli nyingi, peke yake, kwa kufuata ulivyomwonyesha. Ila mkaa aliubania. Rangi haikuiva, ukiikwangua kwa ukucha inabanduka. Akaja kuniomba chombo cha kuzihifadhia. Nikampa kopo langu moja la ubuyu, hayo ya plastiki yenye mfuniko wa bluu ninayouzia barabarani. Akaniuliza, "Nilitie alama?" Nikamjibu, "Mzee, nani asiyejua kilicho chake?" Akataka kulipandisha juu, kwenye boriti. Nikamwambia kule panavuja, weka hapa chini pamoja na vitu vyangu. Maneno hayo ni yangu. Si ya babu yako, na si yako.

Ilikuwa Alhamisi. Niko uani napepeta uwele. Anyesi, na miaka yake minne, akaja akavuta kanga yangu.

"Bibi, ubuyu."

"Huoni nimeshika ungo?"

"Kidogo tu, Bibi. Huu hapa." Akanionyesha ncha ya kidole.

Nikamwambia aende akachukue mwenyewe, kopo la bluu, chini ukutani. Makopo yalikuwa mawili pale, yamefanana kama mapacha, na ndani ya yote mawili vitu ni vyekundu. Unajua alivyokuwa, ukimpa ruhusa anakimbia kabla hujaghairi. Akarudi shavu limejaa, na mbegu za ubuyu yeye alikuwa hatemi, anameza, akakaa karibu na mguu wangu.

Nilizisikia, Brighton. Zilikuwa zinagonga meno. Ubuyu una unga wake, mwanzoni ni laini, haugongi meno vile. Miaka thelathini nimetengeneza ubuyu, ningekosaje kujua? Nilizisikia, nikainua ungo nikaendelea kupepeta, kwa sababu upepo ulikuwa mzuri na sikutaka unipite.

Hilo ndilo nililokuficha.

Yaliyofuata unayajua nusu. Mtoto akaumwa tumbo, tukasema minyoo, tukampa mwarobaini. Akakataa kula. Akawa analala mchana kutwa, macho meupe, halafu degedege ikaanza. Tulipomfikisha Dodoma mjini ilikuwa wiki ya tatu. Wakampiga picha, daktari akatuonyesha goroli tisa zimetulia tumboni, nyeupe, ukubwa wa mbegu za ubuyu. Akasema koti limeshabanduka na risasi yenyewe inayeyuka kidogo kidogo, imeingia kwenye damu, imepanda kichwani. Walimpasua wakazitoa. Akatuacha Jumapili, watu wakitoka ibadani.

Kwenye msiba Ruthu alikupigia simu. Alichokuambia ulikisikia, na mimi nilikisikia, nilikuwa nimekaa hatua tatu tu kutoka kwake. Alikuambia usikanyage tena hapa, na hiyo mikono yako iliyopaka rangi isije ikabeba mtoto wako mwenyewe. Mimi nilikuwa na mdomo, nikaufunga. Aliye mbali akishalaumiwa, aliye karibu anapona. Mimi nilipona namna hiyo, kwa mgongo wako.

Babu yako alijua habari ya kopo. Hakuwaambia watu, wala mimi hakuninyooshea kidole hata siku tuliyogombana kwa mambo mengine. Aliichukua ile kalibu akaivunja kwa nyundo, gobore akalipeleka polisi akalirudisha na kibali chake, na tangu hapo nguruwe wakala walivyotaka. Novemba iliyopita, alipokuwa amelala hawezi kugeuka, aliniita. "Anjelina," akasema, "yule kijana." Basi, maneno mawili. Nikamwambia nimesikia. Imenichukua miezi saba kuyafikisha.

Nilianza na Ruthu, maana ndiye mama. Mwezi uliopita, tukimenya karanga za mbegu, nilimweleza yote, mpaka lile la meno. Hakulia. Aliinuka akaenda kwake. Siku kumi na mbili hakuja, na sikumfuata, ni haki yake. Siku ya kumi na tatu akaja na ndoo ya maji kichwani, maana analijua goti langu. Akaitua. Akasimama pale pale.

"Ulizisikia kweli, Bibi?"

"Nilizisikia."

Akasema, "Mimi asubuhi ile nilimfukuza. Alikuwa ananisumbua. Nilimwambia aende kwa Bibi akapewe ubuyu."

Tukakaa chini ukutani, wawili. Hakuna aliyemfuta mwenzake machozi. Kivuli kikahama, kuku wakaanza kutafuta pa kulala, ndipo akasema, "Na Brighton nilimpa maneno ambayo hata mbwa hapewi."

Sijui kama amenisamehe. Sijamuuliza. Maji analeta.

Sasa nisikilize vizuri, usije ukasema bibi amenifariji tu. Sisemi huna sehemu yako. Wewe ulileta rangi, babu yako alibania mkaa, dada yako alimfukuza mtoto, mimi nilitoa kopo. Kila mmoja ana kijiti chake katika mzigo ule. Lakini aliyesikia ni mmoja, na huyo hakuwa Namibia. Huo mzigo niliokutwika nautaka nyumbani kwangu. Ni wangu, nimeuzoea.

Abeli ameniambia pia kwamba uliomba utolewe kwenye meza ya rangi, sasa unafyeka nyasi za bosi. Mwanaume mwenye mkono kama wako anafyeka nyasi. Rudi kwenye meza yako. Babu yako aliusifia mkono huo mpaka mwisho, hata baada ya yale. Ila waambie hao wawindaji wako wachague rangi isiyofanana na kitu cha kuliwa, na kila mwenye mtoto nyumbani afunge kwa kufuli. Wakikuuliza umeyajulia wapi, waambie. Usione aibu. Mimi siku hizi nauza ubuyu mweupe, siutii rangi. Wateja wamepungua, wapungue.

Baba yako mdogo Abeli anakusalimu, na Restuta mkewe, ambaye anasema nguo zako bado ziko kwenye sanduku lake na panya hawajazigusa. Mzee Uwesu wa dukani anauliza kama bado unacheka kwa pua. Mama Gladness naye anakusalimu. Analia, mjinga huyu, nimemwambia ainue uso asije akalowesha karatasi nikaanza upya. Ruthu hajaniambia nikusalimie. Amesema salamu zake atakupa mwenyewe.

Mungu tunayemwomba kanisani, na wazee waliolala kwenye udongo huu, wakutangulie njiani. Wakupe usingizi. Nimesikia hulali.

Ukija, njoo mchana, upite barabara kubwa, kila mtu akuone. Usianzie makaburini. Usianzie kwangu pia, hata ukiniona nimekaa uani usinikimbilie. Nenda mlangoni kwa Ruthu. Atakuwa na kata ya maji, ndiyo desturi yetu ya kufuta laana, maana neno baya huondolewa na mdomo ule ule uliolitamka. Usijitetee, usiombe radhi, usiseme kitu chochote. Nyoosha mikono yote miwili, viganja juu, umwache akutemee yale maji mpaka yaishe. Usiyafute. Ingia ndani hivyo hivyo ule.

Mimi nikupendaye hata unapokata simu,
Bibi yako Anjelina
(kidole gumba hiki ni changu)