Kalenda ya Benki

Kasulu, Jumanne, Desemba 1996

Kumbe ninakuza uchumi wa wilaya nzima, na hakuna aliyeniambia!

Leo meneja wa benki kaniletea kalenda yao mpya pale sokoni. Mbele nipo mimi, nacheka kando ya magunia yangu ya maharage. Chini wameandika: "Tunakua pamoja na mkulima."

"Hongera, mama, umependeza," akasema. Huyuhuyu aliyeninyima mkopo wa mbegu, eti shamba langu la Kagerankanda halina hati!

Mbegu zile nilinunua kwa upatu wa akina mama wenzangu, zamu yangu ilipofika. Mwakani sijui zamu itawahi mvua.

Kalenda nimeipokea kwa mikono miwili. Karatasi nzuri, nzito, nyuma peupe kabisa. Nimeshaandika hapo zamu zetu zote za upatu.