Hamisi wa Tanuri, Mlima Ulikuwezaje?

Rafiki yangu Hamisi,

Umekufa. Nimeliandika neno hilo nione kama mkono utakubali, maana kichwa bado kinakataa. Wewe? Wewe wa tanuri?

Jana nilipita mtaa wa Ngarenaro, pale palipokuwa na kiwanda chetu cha mikate. Siku hizi ni duka la mitumba. Nikakuona kama enzi zile, kifua wazi mbele ya moto wa tanuri, unaimba, jasho linakutiririka, na sisi wa kubeba unga tukiingia mle kidogo tu tunatoka mbio.

Kiwanda kilipofungwa, kampuni binafsi za utalii ndiyo kwanza zinaota kila kona, tukaenda wote kubeba mizigo Mlima Meru. Safari ya kwanza mimi nilitapika. Wewe ulipanda ukipiga mluzi, ukarudi kunipokea mzigo. "Joto limeshanipika, Saidi. Hewa haba itanifanya nini?" Hata Mzee Kaaya, kiongozi wetu aliyezaliwa mlimani kwao, alikushangaa.

Sasa wewe nielezee safari ile ya mwisho, kwa sababu mimi sielewi. Wageni walikuwa na haraka, tukapanda bila kupumzika. Ukaanza kukohoa. Ukasema ni vumbi la unga la miaka yote. Asubuhi, kambi ya juu, midomo yako ilikuwa rangi ya majivu na kifua kinakoroma kama birika linalochemka. Mzee Kaaya akasema, "Hamisi, shuka sasa hivi." Ukacheka. Ulicheka, Hamisi! Ukajitwisha mzigo, ukapiga hatua chache, ukakaa chini kama mtu anayetaka kufunga kamba za kiatu. Hukuinuka tena.

Tulikubeba kwenye blanketi, jua linawaka kabisa. Nilikuwa nakwambia tumekaribia. Penye kona moja mkono wako ukalegea. Mzee Kaaya akasema tukulaze, akavua kofia. Nikamfokea mzee wa watu avae kofia yake.

Juzi daktari mmoja, mama wa Kihindi wa hapa mjini, alikuja kutufundisha sisi wapagazi. Nikamuuliza habari zako. Akasema hukuwa unajidanganya: mwili uliozoea joto hutoa jasho mapema, damu yake huongezeka maji, na moyo haupapatiki sana hata hewa ikipungua. Ndiyo maana safari ya kwanza ulipiga mluzi. Lakini mazoea hayo huisha ukikaa mbali na joto wiki chache tu, nawe tanuri ulikuwa umeliacha zamani. Na hata yangekuwepo, akasema, hayazuii mapafu kujaa maji. Dawa yake ya kwanza ni kushuka. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi. Kushuka tu, Hamisi?

Mama yako nikimwamkia shikamoo huitikia marahaba, halafu hutazama nyuma yangu, kana kwamba umechelewa kidogo njiani.

Sasa Mzee Kaaya amenipa kazi ya kusimamia wapagazi. Kila asubuhi nawasikiliza vifua kabla hawajagusa mzigo. Wananiona msumbufu. Waache.

Mungu akulaze pema, ndugu yangu. Nakuahidi hivi: nikisikia kikohozi kile huko juu, sitauliza mtu alikuwa shujaa wa nini huku chini. Atashuka. Akicheka, nitambeba akiwa anacheka.

Mimi wako,
Saidi