Siku jumuiya ilipokosea mlango

Naima, mama kanimaliza leo!

Si jumuiya ya kanisani ilikuwa inasali kwetu Kawe? Katikati ya sala akaanza mambo ya mwaka tisini na moja, kile chumba cha kupanga Mwananyamala. Baba kaenda machimboni, kimya. Mie niko tumboni. Mama anakula peke yake, kaupa mlango mgongo asiwaone wenzake wanaokula na waume zao.

Jioni moja, hodi. Anafungua, watu wamejaa na rozari mkononi. "Tumsifu Yesu Kristo, mama!"

Zamu ya kusaliwa ilikuwa ya jirani. Wamekosea mlango! Na mama wakati huo hata kubatizwa hajabatizwa.

Nikaropoka mbele za watu, "Sasa si ungewaambia?"

Eti, "Ningewaambia, wangeondoka."

Wangeondoka, Naima!

Akatandika mkeka, akawa anachezesha midomo tu, sala hajui hata moja.

Unakumbuka tulivyokuwaga tunamcheka, Jumamosi nzima anagonga milango ya wapangaji wageni? Kumbe.

Maana siku ile, mwishoni, walimuuliza ana nia gani wamwombee.

Akasema, "Mrudi tena."