Kifua Kilichoondoka Kikavu

Njeru mwanangu,

Nakuandikia nikiwa jikoni, mvua imetutoa kwenye chai. Vidole bado vyeusi kwa utomvu, usijali karatasi ikichafuka. Ile miche uliyopanda kabla ya kuenda jeshi sasa inanifika kiunoni.

Kesho asubuhi ndugu yako Muriithi anaenda uwanjani Embu, wanachukua makurutu. Viatu amevipiga rangi tangu juzi. Baba yako amemkataza mpaka akachoka, akaenda zake kukatia ng'ombe nyasi. Jana Muriithi alisimama hapa mlangoni akaniuliza, "Mama, utanibariki na mate, ama niende tu hivyo, kama Njeru?"

Nikajifanya moto unazima.

Unaikumbuka siku yako. Tuko foleni kwenye kituo cha chai, kikapu changu karibu kipimwe. Ukaja na begi, ukafungua shati mbele ya watu, unataka nikutemee mate kifuani vile nyanya yako alivyobariki wanawe wakisafiri. Mke wa pasta alikuwa nyuma yangu. Niliona haya, Njeru. Nikakufunga vifungo, nikakuambia mimi ni mtu wa kanisa, nitakuombea. Ukacheka. "Haya, mtu wa kanisa."

Na nilikuombea. Mungu anayajua magoti yangu. Lakini...

Mwenzako wa kikosi alitutembelea Pasaka. Akatueleza vile ule mji mdogo ng'ambo ya mpaka ulizungukwa na adui siku nyingi, watu wamejificha shuleni, na nyinyi wachache mkashika lango mpaka malori yakatoa akina mama na watoto. Wewe hukutoka. Akasema maji yalipokaribia kuisha, midomo imewakauka, uliwachekesha, eti ukifika nyumbani Kibugu lazima Mama akutemee mate kifuani, pasta apende asipende. Alidhani nitacheka. Nilitoka nje nikashika ukuta.

Sasa sijui. Nikimbariki Muriithi, si ni kama nimemsukuma mwenyewe? Nikikataa ataenda tu, unamjua kichwa chake, na ataenda na kifua kikavu. Pasta ameniambia maombi yanatosha. Labda yanatosha. Hiyo labda ndiyo inaninyima usingizi.

Kwa hivyo nisikie. Kesho nitamfungulia shati hapo barabarani, watu wa chai wakipita na vikapu vyao, na mke wa pasta akiwa hapo na aone. Nitamtemea mate, nimtaje Yesu, nimwachilie.

Lakini nitaanza na wewe. Nitapita kwanza pale migombani tulipokulaza, niiname, niteme mate juu ya udongo, pale nadhani kifua chako kipo. Nimechelewa, najua. Usinicheke sana.

Pumzika, mwanangu. Na ukiweza, kesho usimame karibu na ndugu yako.

Ni mimi Mama yako,
mtu wa kanisa.